Jina Kabla ya Kisu

Nilipoanza kazi nilikuwa nashika beseni. Daktari alipita kitanda kwa kitanda, nami nilimfuata hatua tatu nyuma, beseni la maji mikononi, taulo begani, kipande cha sabuni mfukoni. Akishamgusa mgonjwa ananyoosha vidole bila hata kugeuka, maana alijua nipo. Nilikuwa na diploma ya uuguzi, vijana wangu. Baba yangu, karani Mmethodisti mwenye mwandiko mzuri kuliko wote hapa Kamina, aliitia diploma ile kioo na kuitundika sebuleni. Na kazi yangu kubwa ilikuwa kuangalia maji yasimwagike.

Leo mnatembea wodini na stethoskopu shingoni. Mna shahada. Mnaandika katika faili la mgonjwa kwa kalamu zenu wenyewe, na daktari anawauliza mnaonaje. Nafurahi kuona hivyo, na wivu kidogo ninao pia, sitaficha. Lakini majuzi mmoja wenu aliniambia, kwa adabu zote, kwamba mambo haya yalikuja yenyewe pole pole, kadiri miaka ilivyokwenda. Wapi! Hakuna kilichokuja chenyewe. Kila mnachofanya leo bila kuomba ruhusa, kuna muuguzi aliyeitwa ofisini kwa sababu ya kukifanya. Mimi niliitwa kwa sababu ya swali moja, na nimeamua kuwaandikia kwa kuwa naona mmeanza kuliacha swali lenyewe.

Ni swali dogo. Jina lako nani?

Mnajua tunavyoishi hapa. Mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando, anakuwa Mama wa mtoto wake wa kwanza mpaka siku anayozikwa. Kijana anayemtaja mama mtu mzima kwa jina lake la kuzaliwa hana malezi, na watu watauliza wazazi wake ni akina nani. Mimi nilikuwa na malezi mengi mno. Nilipowekwa wodi ya wanawake niliwaita wote kwa majina ya watoto wao, nao walinipenda, wakawa wananiwekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo katika sahani yenye kifuniko.

Msimu mmoja wa mvua tulikuwa na akina Mama Ilunga wawili. Si ajabu, maana ukiita Ilunga sokoni Kamina wanaume wengi watageuka. Mmoja alikuwa ameharibikiwa na mimba na kupoteza damu nyingi. Mwingine, mtu mzima wa umri wa mama yangu, alikuwa na homa na kikohozi. Siku hiyo paa lilivuja, na ndugu za wagonjwa wakabadilisha vitanda wao wenyewe bila kumwambia mtu. Mimi nikatoka maabara na mfuko wa damu. Kwenye mfuko waliandika jina la yule aliyepoteza damu, Monga, kitanda cha nne. Nikaenda kitanda cha nne, nikainama kidogo kama nilivyofundishwa nyumbani.

"Mama Ilunga?"

"Eyo, tata."

"Nakuletea damu, Mama."

"Aksanti, tata. Mungu akubariki."

Jina lilikuwa mbele ya macho yangu, limeandikwa kwa wino. Ningeweza kumuuliza, "Mama, weye njo Monga?" yaani, wewe ndiye Monga? Niliona haya. Nikatafuta mshipa, nikaupata mara ya kwanza, nikajisifu moyoni, nikafungulia damu.

Haikuingia nyingi. Alianza kutetemeka, akashika kiuno, akalia, "Mugongo, tata, mugongo." Nikadhani ni baridi ya malaria. Nikamfunika blanketi. Kosa la damu nimeshalisamehe, kwa namna fulani, lakini lile blanketi bado linaniumiza, kwa sababu nilimfunika kwa upole huku namuua.

Aliyemwokoa ni mkuu wa wodi yetu, tuliyemwita Mama Major, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha reli nzima. Alipita, akasimama, akafunga mrija kabla hata hajasema neno. Kisha akasoma mfuko, akaniangalia.

"Kalenga, huyu njo Monga?"

 Kwa siku kadhaa mkojo wa mama yule ulikuwa mweusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Mama Major alimsimamia kwa maji na dawa, akipima kila tone lililoingia na kila tone lililotoka, akikataa kwenda nyumbani. Figo zikarudi. Daktari alisema hakuna haja ya kumweleza mgonjwa, tusije tukaleta matata na ukoo. Mama Major alinivuta hadi nyuma ya ghala la dawa.

"Dokta amesema yake. Weye enda umwambie."

"Na kama bantu yake bananipiga?"

"Banakupiga. Kiisha utarudia kazi."

Nikaenda. Nilichuchumaa kando ya kitanda nikamwambia kila kitu, kwamba nilimtia damu ya mama mwingine, na kwamba kosa lilikuwa langu tupu. Alinisikiliza macho yakiwa darini.

"Unajua jina yangu?" akauliza.

"Mama Ilunga," nikasema.

"Unaona. Unanitia damu ya mutu mu mwili, na jina yangu haujue."

"Niliona haya kukuuliza, Mama."

"Haya yako ilitaka kuniua, mutoto." Akafumba macho, akapumua. "Minyi njo Kabulo."

Tangu siku ile sikumgusa mgonjwa kwa sindano, damu wala kisu kabla hajaniambia jina lake kwa mdomo wake, jina la baba yake, na anakotoka. Nami nalirudia kwa sauti ili alisikie. Basi, hiyo ndiyo sayansi yangu yote, na kuna namna ya kuifanya. Usimwambie mgonjwa, "Wewe ni Mama Ilunga?" Mgonjwa mwenye homa ataitikia jina lolote utakalompa, hata la gavana. Muulize, unyamaze, ungoje. Mzee asiyesikia, muulize kwanza yeye, ndipo umuulize mtoto wake. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, ngoja uchungu upite, usimuulize akiwa anakung'ang'ania mkono. Mtoto, chuchumaa. Na atakayekasirika, mwache akasirike, hasira haiui mtu. Mimi nilitukanwa kwa Kiswahili, kwa Kiluba na kwa Kifaransa cha wakubwa, na wote niliwahudumia wakiwa hai.

Miaka ikapita nikapelekwa chumba cha upasuaji. Kazi yangu ilikuwa kupanga vyombo mezani na kumpa daktari mkononi kile anachotaka, ikiwezekana kabla hajakitaja. Ni kazi ya heshima, na nilikuwa hodari, niseme ukweli. Daktari mpasuaji wetu alikuwa Dokta Kasongo. Simsemi vibaya, maana mikono yake ilikuwa mepesi na safi, na alipasua vizuri kwa mwanga wa jenereta iliyokohoa kuliko wengine kwa umeme wa mji mkuu. Alikuwa akiimba nyimbo za misa wakati wa kushona, na kwangu mimi Mmethodisti hilo pia nililivumilia.

Siku moja nilichelewa kwenye mashine ya kuchemshia vyombo. Nilipoingia, mwanamke alikuwa mezani, amekwisha kulala kwa dawa. Alikuwa na uvimbe tumboni. Nikauliza nani amemuuliza jina. Wakatazamana. Muuguzi wa usingizi alisema ameletwa kutoka wodini na faili lake juu ya kifua. Dokta Kasongo akanyoosha mkono kudai kisu.

"Bistouri."

Nikavifunika vyombo kwa kitambaa safi, nikainua mikono yangu juu ili isichafuke.

"Hakuna mutu aliuliza jina, Dokta."

"Jina iko ku fiche," akaonyesha faili.

"Fiche iko ya nani?"

 Alinitazama juu ya barakoa, macho yake madogo. "Sikia, Kalenga. Infirmier njo mukono ya dokta. Mukono haiulizake."

"Mukono hii iko na kichwa, Dokta. Tuite bwana yake, iko pale inje."

Akaitwa mume wa mwanamke. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akidhani mkewe amekufa. Akasema jina, jina la baba, na kijiji. Vyote vilikuwa sawasawa na faili. Wakati huo mgonjwa alikuwa ameanza kugeuza kichwa, ikabidi aongezewe dawa ya usingizi, na dawa ile ilikuwa haba. Upasuaji ukaenda vizuri. Dokta Kasongo hakuimba.

Nilikuwa nimekosea? Niulizeni hivyo hivyo bila woga. Mgonjwa alikuwa ndiye, faili lilikuwa lake, nami niliwachelewesha wote na kumtisha mume wa watu. Jioni ile nilikula chakula bila kukisikia mdomoni. Asubuhi nilikuta barua mezani, ile barua ambayo kila mfanyakazi wa nchi hii anaijua na kuiogopa, demande d'explication, inayokutaka ujieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Waliuliza kwa nini nilizuia kazi ya daktari. Wenzangu walikuja na mashauri. Mmoja aliniandikia kurasa mbili za kuomba radhi, zenye Kifaransa kizuri sana. Nilimshukuru, nikatumia upande wa nyuma wa karatasi zake kuandika jibu langu, mstari mmoja tu: kwa sababu hakuna aliyejua jina la mgonjwa.

Mkurugenzi wa hospitali akaniita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka.

"Kalenga, acha hii mambo. Uliza ku wodi kama unataka. Pa meza, apana."

"Pa meza njo kisu iko, Mkurugenzi."

"Ukisimamisha dokta mara ingine, utaenda mu brousse. Nitasaini minyi mwenyewe."

Basi mkajua nilipokuwa nimesimama. Swali moja zaidi, na ningepelekwa porini, niache mji wangu, nyumba yangu, watoto wangu shuleni, na kazi ya mikono niliyoipenda kuliko kitu. Na swali lenyewe lingekufa, maana nani angeliuliza baada yangu? Niliogopa. Sitaki mfikiri nilikuwa simba. Kwa majuma kadhaa niliingia mapema kuliko wote na kuwauliza wagonjwa kwenye korido, kabla daktari hajafika, ili nisilazimike kuuliza mezani. Nilijiona mjanja.

Halafu akaletwa mama wa mke wangu.

Hapa wageni kati yenu wanahitaji maelezo, ingawa ninyi wa Kamina mmekwisha kutabasamu. Kwetu Waluba mama mkwe ni buko, nawe kwake ni muko, na buko ni kitu cha kuogopwa kuliko askari. Hulitaji jina lake. Humtazami usoni. Ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite. Kwa miaka yote ya ndoa yangu yule mama nilimjua kwa kitambaa chake cha kichwa na kwa kikohozi anachotoa akikaribia nyumba yetu, ili nipate nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Sasa ngiri imemkaba, utumbo umebanwa, hawezi kungoja. Na mwenzangu wa kupanga vyombo alikuwa amekwenda matanga Luena, treni haikuwa na siku ya kurudi. Sikuwa na wa kunishikia zamu, wala sikuwa na nafasi ya kumngojea kwenye korido, maana alipitishwa mbio moja kwa moja hadi mezani.

Mke wangu Yumba alinishika mkono mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

"Kalenga. Ule njo mama yangu. Usimutaje."

"Ni kazi, Yumba."

"Kazi, ndiyo. Lakini usimutaje. Batasema nini kwetu?"

 Nikaingia, nikanawa, nikavaa glavu. Yeye alikuwa amelazwa ubavu, ameugeukia ukuta, amefunikwa shuka hadi shingoni. Nilisimama kwenye meza yangu ya vyombo nikikodolea koleo macho, sikuthubutu kuinua kichwa. Dokta Kasongo akaingia mikono juu, maji yakimchirizika viwikoni. Aliniona, akamwona mama, akaelewa mara moja, maana na yeye ni Mluba. Nikasikia tabasamu katika sauti yake.

"Leo je, Kalenga? Utauliza?"

Kila mtu mle ndani alimjua mama yule. Aliwafunga vitambaa vya kichwa nusu ya kina mama wa parokia. Hakuna aliyekuwa na shaka hata kidogo. Na kama nisingeuliza, hakuna ambaye angenilaumu, si mkurugenzi, si ukoo, si mke wangu. Hapo ndipo nilipoona mtego. Nikinyamaza leo, basi swali langu ni la mama za watu wengine, mama wa walio maskini, wasiojulikana, waliotoka mbali. Mama Kabulo pia alijulikana. Wodi nzima ilimjua.

 Nikafunika vyombo.

"Mama, jina yako nani?"

Muuguzi wa usingizi alishusha pumzi kwa sauti.  Jenereta ilikohoa nje, mwanga ukapungua, ukarudi.

"Kalenga!" Dokta Kasongo hakuwa anatabasamu tena. "Kila mutu anamujua! Ni buko yako! Funua vyombo!"

"Buko yangu namujua. Mugonjwa bado hajasema."

 Nilifikiri, basi, nimeharibu kila kitu, nimemvunjia heshima mama wa watu akiwa katika maumivu, na hatajibu kamwe. Ndipo sauti ikatoka upande wa ukuta, kavu lakini imara.

"Uliza tena, muko wangu. Sikujua kama njo minyi unauliza."

Nikauliza tena.

"Minyi njo Kyoni, binti ya Mwilambwe, wa ku Malemba."

Kanuni yangu ilinitaka nirudie. Nililirudia, kwa sauti, jina ambalo ulimi wangu haukuwahi kuligusa. "Kyoni, binti ya Mwilambwe, wa ku Malemba. Ngiri, upande wa kushoto."

"Kushoto," akasema.

Faili nalo lilisema kushoto. Akapewa dawa ya usingizi, nikafunua vyombo, nikampa Dokta Kasongo kisu chake. Utumbo ulikuwa bado mzima, ukarudishwa, akashonwa. Katikati ya kushona daktari alianza kuimba, akajikumbuka, akanyamaza.

Jumatatu mkurugenzi akasaini, kama alivyoahidi. Nilipelekwa kituo cha afya mbele ya Kabondo-Dianda, njia ambayo lori linatembea kiangazi na kulala masika. Kabla sijaondoka ukoo wa mke wangu ulikaa kunihukumu. Nilitozwa kuku na kikwembe, yaani kitenge. Walipokuwa bado wananisema, mama mkwe alikohoa kutoka ndani ya nyumba, wote wakanyamaza.

"Kutoka bwana yangu alikufa, hakuna kinywa ilitaja jina yangu. Niko Mama Yumba, niko kambo ya bajukuu. Ile siku niliogopa kufa, na mutu mumoja aliniita minyi. Mukamate kuku, lakini musimutukane."

Waliacha kunitukana. Kuku walimkamata, wakamla.

Kule kijijini nilikaa misimu mitatu ya mvua, na ndiko nilikojua muuguzi ni nini. Hakukuwa na daktari wa kumshikia beseni. Nilizalisha, nilishona waliokatwa na mapanga, nilikataa kushona wengine nikawatuma mbele kwa baiskeli, nilikosea, nikaandika makosa yangu katika daftari kwa jina langu. Yeyote aliyedhani amenitupa alinipa kila kitu. Niliporudishwa Kamina, kwa sababu watu wa kupanga vyombo hawatoshi kamwe, Dokta Kasongo alikuwa na mvi. Siku chache baadaye ilifika karatasi kutoka juu, ile mnayoijua, yenye maswali ya kuulizwa kabla ya upasuaji, na swali la kwanza ni jina la mgonjwa kwa mdomo wake. Aliniletea mwenyewe.

"Kalenga, karatasi yako imefika."

"Haiko yangu, Dokta. Yangu ilikuwa fupi."

Hakuniomba msamaha, wala mimi sikumwomba. Lakini tangu siku hiyo alikuwa ananyoosha mkono akiwa ameshatazama usoni pangu kwanza.

Sasa wajanja kati yenu wanataka kuniuliza: tata, kwa miaka yote ile ya kuuliza pale mezani, ulikamata makosa mangapi? Sikukamata hata moja. Kila mara mgonjwa alikuwa ndiye. Nimelisema bila aibu, na atakayecheka acheke. Ningeuliza miaka mingine kama ile, nisikamate kitu, na ningestaafu tena nikiwa na furaha ile ile. Nilikamatwa mimi, mara moja, na mama aliyekojoa mweusi, na hiyo inanitosha.

Lakini tazameni mnachofanya ninyi. Masika yaliyopita nilihitaji kupasuliwa, ugonjwa wa wanaume wazee, msitake maelezo. Niliingizwa katika chumba kile kile, nimevaa lile vazi lisilofungika nyuma. Muuguzi alikuwa binti mmoja niliyemfundisha, Dorcas, mwenye shahada na mikono mizuri. Karatasi ilikuwa ubaoni. Macho yangu bado yanaona mbali, na niliona alama zimekwisha tiwa katika mistari yote kabla sijaulizwa.

"Panda, tata."

"Niulize."

Alicheka. "Tata, tunakujua! Weye njo ulitufundisha."

"Niulize, Dorcas."

Akaangalia chini. Daktari kijana alikuwa anangoja, mikono juu. "Tata, weye iko mukubwa. Siwezi kukutaja pa mbele ya bantu."

Nilishikwa na hasira, kweli, na chini ya hasira niliogopa. Alikuwa na haya ile ile niliyoinama nayo mimi kando ya Mama Kabulo. Nikavuta kiti kidogo cha chuma, nikakaa, makalio kwenye baridi, nikakunja mikono.

"Minyi sipande," nikasema. "Munaweza kuniandikia demande d'explication, niko na muda, niko pensionné, nilimaliza kazi."

Daktari kijana alitazama saa, akatazama mlango. Nilikaa. Mgongo ulikuwa unauma, kibofu kilikuwa kinauma, na fahari yangu ilikuwa hewani pamoja na hayo mengine yote. Dorcas alikuwa karibu kulia. Sikumsaidia. Mwishowe alifuta zile alama kwenye karatasi kwa kalamu, moja baada ya nyingine, akasimama mbele yangu.

"Tata, jina yako nani?"

Nilimwambia, na la baba yangu, na Kamina. Akalirudia kwa sauti iliyotetemeka, halafu akalirudia tena, mara hii haikutetemeka. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikapanda.

Baadaye nililazwa nyuma ya pazia, miguu bado haina habari na mimi, na nikasikia kitanda kingine kinaingizwa kungoja kisu. Sauti ya mama mtu mzima, ya kukwaruza, mama wa kuheshimiwa. Nikasikia Dorcas anamuuliza jina.

"Weye! Haunijue minyi? Na mama yako tunauzisha pamoja ku soko!"

"Nakujua, Mama."

"Sasa unauliza nini?"

"Sema tu, Mama. Nangoja."

Mama yule alilalamika kwamba batoto ba siku hizi habana heshima, kwamba masomo yamewaharibu, kwamba angemwambia mama yake.  Dorcas alinyamaza na kungoja, muda mrefu kuliko ambao mimi mwenyewe ningeweza, mpaka yule mama akachoka kulalamika, akasema jina lake.